Kishindo cha Mguu wa Kushoto

Wako wasichana wanaomjua mpenzi kwa sauti, na wako wanaomjua kwa kikohozi tu akiwa bado nje ya mlango. Zuleha binti Muhidini alimjua wake kwa miguu. Kila alfajiri, kabla mama yake hajamaliza kupuliza moto, alikuwa amekwisha kusimama nyuma ya ua wa mabua, ufagio mkononi, akifagia mahali palipokuwa safi tangu jana. Masele alikuwa akipita barabarani mbio, akitokea kwa shangazi yake nje ya mji na kuelekea barabara ya Tinde, na Zuleha hakuhitaji hata kuchungulia. Miguu ile iligusa ardhi na kuiacha, myepesi, pa, pa, pa, na moyo wake ulijibu kila hatua. Akishapita, Zuleha alirudi jikoni akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kunywa chai.

Alhamisi ile miguu ilikuja vingine. Mguu wa kulia uligusa kama kawaida, lakini wa kushoto ulichelewa, ukasita hewani, kisha ukatua ubapa kwa kishindo, kama unaotua juu ya kitu usichokipenda. Pa, paa. Pa, paa. Zuleha akasimamisha ufagio. Alitaka kuchungulia, akaogopa, maana alijua kwamba akimwona mtu akichechemea atapiga ukelele, na ukelele alfajiri nyumbani kwa Mzee Muhidini ungeamsha maswali ambayo hakuwa na majibu yake.

Ilikuwa Julai ya mwaka sabini na sita. Malori ya pamba yalipita Shinyanga mchana kutwa na kuacha vumbi hadi kwenye masufuria. Jumamosi kungekuwa na mbio ndefu uwanjani, na mtu alikuwa ametumwa kutoka Dar es Salaam kuja kutazama. Atakayeshinda angechukuliwa kwenye timu ya shirika moja huko, apewe kazi, apewe na chumba. Jumapili, watu wa Majaliwa, mfanyabiashara wa Buseresere, wangefika kwa Mzee Muhidini kusikia jibu la posa. Kwa hiyo kwa Zuleha wiki ile ilikuwa na siku mbili tu. Masele akishinda Jumamosi, angemwendea mzee akiwa mtu mwenye kazi. Akishindwa, Jumapili ingemkuta ni kijana wa kijijini Didia asiye na mbele wala nyuma, na Zuleha angepakiwa kwenye lori la Majaliwa pamoja na magunia.

Mzee Muhidini alikuwa amekwisha kumpa mjumbe wa Masele kauli yake, tena mbele ya mkewe, ili isije ikabadilishwa. "Kijana haswali, sawa, amesema atasilimu. Wazee wake hawatujui, sawa, watatujua. Lakini mtu asiye na kazi sina swali la kumuuliza."

Mzee alikuwa fundi viatu, na babu yake alikuwa fundi viatu tangu enzi za misafara kutoka pwani. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi Zuleha alikuwa ndiye mkono wake wa pili: akipaka uzi nta, akitoboa ngozi, akishona soli. Na ni kwenye kibaraza cha nyumba yao, mahali pa kazi ya baba, alikomwona Masele mara ya kwanza, mwaka mmoja uliopita, alipokuja kushonesha katambuga za tairi na baba hayupo. Zuleha akapiga magoti, akazungusha uzi kwenye unyayo wa mgeni kupima, na alipoinua macho akakuta yule mrefu mwembamba anamtazama kwa haya, kana kwamba ni yeye aliyevuliwa kitu zaidi ya kiatu. Kipimo kile alikikosea, akapima tena. Mara ya pili hakukikosea, alitaka tu.

* * *

Alhamisi hiyo hiyo, saa nne asubuhi, Mwalimu Valerian, mkufunzi wa wakimbiaji wa mkoa, alifika kibarazani na mfuko wa viatu vya timu.

"Shikamoo, mzee. Vitazame hivi, visije vikatuaibisha Jumamosi."

"Marahaba. Viache."

Mwalimu akaenda zake. Mzee akavitoa viatu kimoja kimoja, akigonga, akivuta kamba, hadi alipofika kwenye jozi ya mwisho. Hapo mkono wake ukatulia. Zuleha alikuwa pembeni anapaka uzi nta, na alipoziona raba zile za turubai akahisi damu ikimshuka hadi kwenye visigino.

Raba zile alizijua. Masele aliwahi kumwambia kwa utani kwamba viatu vya serikali vinalika na changarawe upesi kuliko sabuni. Zuleha hakuucheka utani huo. Baba alipokuwa sokoni, alichagua kipande cha tairi la lori kilicho bora kuliko vyote pale kibarazani, akakichonga, akakishona chini ya zile raba mchana baada ya mchana, na kwenye kisigino akaongeza tabaka la pili, ili mtu wake asidhurike. Kila tundu la sindano alilipitisha kwa dua. Masele alipozipokea alizishika kifuani, akasema, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma chake, na hakuweza kusema lingine.

"Zuleha," baba akaita.

"Abee, baba."

"Njoo utazame mshono huu."

Akasogea.

"Mshono unalala kushoto," mzee akasema polepole. "Mafundi wa mji huu nawajua wote, hata walevi. Hakuna anayeshona kwa mkono wa kushoto."

Zuleha, aliyekuwa ameushika uzi kwa mkono wa kushoto, akaufumbata.

Mzee hakumwangalia. Alikishika kiatu mbele na nyuma, akajaribu kukikunja. Kikagoma. Akakaza mikono mpaka mishipa ikamtoka. Kiatu kikabaki kimenyooka vile vile.

"Tairi la lori. Kumfuata ng'ombe porini, safi sana, kitadumu mpaka ng'ombe wachoke. Lakini cha kukimbilia lazima kikunjike pale mguu unapokunjika. Kiatu kikikataa kukunjika, kitakunjika kitu kingine."

"Kitu gani, baba?"

"Mguu, mwanangu. Kwani ndani ya kiatu huwa kuna nini kingine?" Akakigonga kisigino kwa ukucha. "Na huku nyuma kumeinuliwa. Mtu aliyezoea kutua kwa katikati ya unyayo, sasa atatangulia kwa kisigino, mguu umenyooka mbele yake kama nguzo. Kila hatua inampanda mpaka kwenye meno."

Mzee akakiweka kiatu chini kwa upole ambao ulimtisha binti kuliko kofi.

"Aliyekishona alimpenda sana mwenye kiatu, au alimchukia sana," akasema. "Jumapili nina wageni kutoka Buseresere. Nataka niwape jibu safi. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Mzee hakuuliza zaidi. Afadhali angeuliza, kwa sababu mtu aliyeulizwa anaweza kulia, lakini mtu asiyeulizwa hubaki na hofu yake mkononi na hajui pa kuitua.

* * *

Adhuhuri ilipopita tu, akaja Paskalia, shoga yake wa nyumba ya tatu, muuguzi wa zahanati na mke wa tabibu Kalisti. Alikuja kwa kisingizio cha kuazima chekecheo, akamvuta Zuleha nyuma ya jiko.

"Mtu wako amekatazwa kukimbia."

"Nani amesema ni wangu?"

"Mapenzi ni kikohozi, shoga, na wewe umekuwa ukikohoa mwaka mzima. Nisikilize. Kalisti amemminya mguu jana. Hapa." Paskalia akavua kandambili, akaonyesha juu ya unyayo wake, kwenye mfupa mrefu unaoelekea kidole cha pili. "Akigusa pengine, kijana anatulia. Akigusa hapo, anaruka. Mfupa umeingia ufa."

Zuleha akajishika ukutani. "Umevunjika?"

"Bado. Ufa tu. Kama chungu. Chungu chenye ufa unaweza kukitekea maji hata mwezi, hakikuambii kitu. Siku moja unakiinua, shingo inabaki mkononi na tumbo linabaki kisimani."

"Lakini hakuanguka. Hakugongwa na kitu."

"Ndiyo maana hakuna aliyemwamini. Kalisti anasema aliwaona askari hivyo hivyo kambini, wale wanaotembezwa mwendo mrefu kabla miguu haijazoea. Mfupa haukupigwa, umechoshwa. Huyu tangu asikie habari za mtu wa Dar, anakimbia asubuhi, anakimbia jioni, hapumziki hata siku moja, na Mwalimu Valerian kila siku anamwambia tanua hatua, tanua hatua. Kalisti kamwambia atulie mpaka mwezi wa tisa."

"Yeye akasemaje?"

"Akacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu wako naona anapania hasa." Kisha Paskalia akaona uso wa mwenzake, akaacha mzaha. "Zuleha. Akiukimbilia Jumamosi ukakatika wote, unaweza kuunga kombo. Hatakimbia tena. Pengine hata kutembea atatembea kwa kuvuta."

Hapo ndipo mambo mawili yakakutana kichwani mwa Zuleha: kiatu kisichokunjika na mfupa uliochoka. Akakaa chini kwenye majivu, na kanga yake nyeupe.

"Alasiri anakuja kwangu kufungwa bandeji," Paskalia akasema taratibu. "Nami nimeishiwa chumvi. Utaniletea?"

* * *

Alimkuta ameketi kwenye kigoda uani kwa Paskalia, mguu wa kushoto juu ya ndoo iliyofudikizwa. Masele alipomwona akataka kusimama kwa heshima, na Zuleha akaona uso ukimkunjamana kabla hajauficha.

"Kaa."

Akakaa. Paskalia akaipokea ile chumvi asiyoihitaji, akaingia ndani na kuanza kugongagonga vyombo kwa makusudi, ili wenye mazungumzo wajue kwamba hawasikiki.

"Nionyeshe," Zuleha akasema.

"Si kitu."

"Masele, nionyeshe."

Akaifungua bandeji. Juu ya unyayo palikuwa pamevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa, na juu yake kulikuwa na chale mbichi zilizopakwa unga mweusi. Zuleha akapiga magoti kama siku ile ya kwanza. Akaweka kiganja pale. Palikuwa pamoto, na moto ule ukampanda mkononi mpaka shingoni. Alitamani dunia isimame hapo hapo, mguu ule mikononi mwake na mtu asikimbie popote.

"Chale za nini?"

"Shangazi. Anasema nimekanyaga kitu. Kuna mtu kategesha dawa njiani nisishinde. Mganga akasema nisiulaze mguu, nikiulaza kile kitu kitafanya makao."

"Na wewe umesadiki?"

Masele akatazama pembeni. "Ni rahisi kusadiki hilo."

"Kuliko lipi?"

Kuku wa Paskalia wakapita kati yao wakichakura. Zuleha akavuta pumzi, akajua kwamba asiposema sasa hatasema kamwe.

"Aliyekutegea ni mimi," akasema. "Ile soli. Baba amekijaribu kiatu leo, hakikunjiki. Kimekulazimisha ukimbie kwa kisigino, na mguu wako ukafanya kazi yake na kazi ya kiatu pia. Nilitaka kukulinda, nimekuvunja kwa mkono wangu mwenyewe."

Alingoja hasira. Masele akamtazama kwa macho yale ya haya, kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Nikivivaa nasikia uzito unanigonga hapa, nikivivua unapungua. Mimi nimekulia pekupeku nyuma ya ng'ombe, Zuleha. Mguu wangu naujua."

"Sasa kwa nini ukavivaa?"

"Kwa sababu ni vyako."

Machozi yakamtiririka Zuleha bila kelele. Hakuna mwanamke asiyependa kuambiwa neno kama lile, na hakuna neno lililowahi kumtia hofu kama lile. Mtu huyu alikuwa tayari kuvunjika kimya kimya ili asimuudhi.

"Nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usikimbie Jumamosi."

"Omba kingine."

"Sina kingine."

"Nikikaa, Jumapili wanakuja kukuchukua."

"Nitakataa."

"Umewahi kumkatalia baba yako?"

Zuleha akainamisha kichwa. Hakuwahi. Hata wali akiambiwa aongeze, aliongeza.

"Unaona," Masele akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unafikiri mimi siogopi? Naota kila siku. Naota nimefika kona ya mwisho, nasikia mlio kama wa ukuni, natazama chini, mguu haupo. Naamka nimeushika. Lakini naota pia lori la pamba linaondoka, na wewe umekaa mbele, umegeuza uso. Hiyo ya pili nikiamka sina cha kushika."

"Masele."

"Mfupa ukivunjika utaunga. Wewe ukienda Buseresere utaungwa na nini?"

Zuleha akaikunja bandeji, akaufunga mguu mwenyewe, taratibu, akihesabia kila mzunguko kama sala. Alipofika mwisho hakuuachia.

"Basi kama huwezi kuniahidi hilo, niahidi hili. Usivae vile viatu. Kimbia pekupeku, kama zamani. Utue polepole. Usitanue hatua hata Mwalimu apasuke mapafu."

Masele akafikiri. "Hilo naahidi. Na wewe uniahidi hutakuja uwanjani."

"Kwa nini?"

"Nikikuona nitaogopa. Mtu anayeogopa hukaza mwili."

"Naahidi," Zuleha akasema, na wote wawili walijua anadanganya.

* * *

Wageni wa Majaliwa hawakungoja Jumapili. Walipata lori lililokuwa likija na marobota, wakashuka Shinyanga Jumamosi adhuhuri, wazee wawili wenye kanzu zilizopauka kwa vumbi. Mzee Muhidini, kwa kuwa hakutaka kuwakalisha bure, akawachukua kwenda kutazama mbio. Hivyo Zuleha alipofika uwanjani amejifunika buibui, bega kwa bega na Paskalia na Kalisti, jambo la kwanza aliloliona lilikuwa kofia ya baba yake kwenye kivuli cha banda, na posa yake imekaa kila upande wa kofia ile.

"Turudi," Paskalia akanong'ona.

"Nakaa."

Wakimbiaji wakajipanga kwenye mstari wa chokaa. Masele alikuwa pekupeku. Bastola ikalia, kundi likaondoka na vumbi lake.

Kwa muda mrefu ilikuwa raha hata kwa mwenye hofu. Masele alikimbia kama alivyokuwa akikimbia zamani, hatua fupi za haraka, mguu ukitua chini ya mwili wake na si mbele yake, mabega yametulia. Mwalimu Valerian alikuwa akipiga kelele atanue hatua, naye hakusikia. Aliwapita wenzake mmoja mmoja bila papara, mpaka akabaki na kijana mmoja tu wa Geita mbele yake, na huyo pia akampita mbele ya banda la wageni. Watu wakasimama. Yule mtu wa Dar es Salaam akaegemeza viwiko kwenye magoti. Zuleha aliona, akathubutu kupumua, akaanza hata kufikiria chumba cha Dar es Salaam kinaweza kuwa na dirisha upande gani.

Kisha kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, na pale pale akaona.

Mguu wa kushoto ulianza kutua kwa ukingo wa nje, kidole kikubwa hakigusi chini. Mkono wa upande ule ukapanda juu. Uso wa Masele ukawa na rangi ya majivu, lakini hakupunguza mwendo. Alizidi.

"Anauhamisha uzito," Kalisti akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea. "Mfupa umemwambia basi naye anataka kumalizia. Ukikatika sasa unakatika wote."

"Msimamishe," Paskalia akamwambia mumewe.

"Nani atanisikia kwenye kelele hizi?"

Zuleha alitazama kona ya mwisho, ile ya kwenye ndoto. Upande mmoja wa kona ile kulikuwa na kazi, na ndoa, na baba ameridhika. Alihitaji kunyamaza tu. Kunyamaza alikuwa bingwa wake tangu utotoni. Mtu angekufa kwa kunyamaza kwake na asilaumiwe na yeyote. Alitazama mguu ule unatua, na ukatua tena, naye akahisi hofu ikimjaa mpaka pakakosekana nafasi ya hofu nyingine, hata ile ya baba.

Akavuka chokaa. Buibui likamshuka kichwani, hakulishika. Akasimama katikati ya njia, mbele ya mji mzima wa Shinyanga, mbele ya kofia ya baba yake.

"Masele," akaita. "Simama."

Haikuwa sauti kubwa sana. Watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba wao wenyewe hawakuisikia vizuri. Lakini Masele aliisikia. Alipiga hatua moja, ya pili akaikata, akasimama mbele yake, mguu wa kushoto hewani, akihema. Yule kijana wa Geita akawapita kwa kishindo, kisha wengine, vumbi likawafunika wote wawili.

"Umefanya nini?" Masele akauliza.

"Nimekuita."

"Ilibaki kona moja, Zuleha."

"Najua."

"Umenimaliza." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma. Akageuza uso.

Kalisti alikuwa amekwisha kufika na kumkalisha kwenye nyasi. Akaupapasa mguu, akiminya hapa na pale, Masele akiuma mkono wa fulana. Zuleha alisimama pembeni, ameacha kichwa wazi, hathubutu kuuliza. Uwanja mzima ulikuwa ukicheka na kuzomea na kuulizana ni binti wa nani. Kule mbali mtu wa Dar es Salaam alikuwa akimshika mkono kijana wa Geita.

"Haujakatika," Kalisti akasema mwishowe. "Hatua chache tu zaidi, nisingesema hivi."

Masele akafumba macho. Hakumtazama Zuleha.

Ndipo watu wakaanza kupisha njia, na Zuleha akajua anayekuja ni nani kabla ya kumwona. Mzee Muhidini alikuja peke yake. Nyuma yake, wale wazee wawili wa kanzu walikuwa wakitoka kwenye lango bila kuaga, na mmoja alikuwa anakung'uta vumbi kama mtu aliyekaa mahali pachafu. Zuleha akajiandaa kwa kofi. Alitamani hata lije, lipite.

Baba akampita. Akasimama mbele ya kijana aliyeketi chini.

"Wewe ndiye Masele."

Masele akajaribu kuinuka, Kalisti akamzuia. "Ndiyo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulikuwa unaongoza."

"Ndiyo, mzee."

"Nimeona kwa macho yangu. Kwa nini ulisimama?"

Kwa mara ya kwanza tangu vumbi litue, Masele akamtazama Zuleha, na katika macho yale kulikuwa na hasira, na uchungu, na kitu kingine ambacho hasira haikuweza kukifunika.

"Ameniita," akasema.

"Umeacha kazi ya Dar es Salaam kwa sababu umeitwa?"

"Sikuiwaza kazi, mzee. Nilimsikia yeye."

Mzee Muhidini alimtazama binti yake asiyewahi kukataa neno, akatazama mguu uliovimba, akatazama lango ambalo jibu lake safi lilikuwa limekwisha kupitia. Alivua kofia, akajifuta kipara, akaivaa tena.

"Tabibu, mguu huu utapona lini?"

"Akiutuliza, mwezi wa tisa."

"Zuleha, jifunike. Twende nyumbani."

Zuleha akajifunika. Mzee akaanza kuondoka, akapiga hatua kadhaa, kisha akasimama bila kugeuka kabisa.

"Kijana. Mwezi wa tisa uje nyumbani na wazee wako."

"Nitakuja, mzee," Masele akasema. "Hata kesho naweza—"

"Nimesema mwezi wa tisa," mzee akajibu. "Na uje kwa kutembea."